Pacha wa Atupele

Watu wa Tukuyu wana tabia ya kufungua madirisha hata mvua ikinyesha, kwa hiyo asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umejaa kwenye korido ya hospitali ya watoto. Dkt. Subilaga Mwakatobe alipita akiyafunga moja baada ya jingine huku akigomba. Hakuwa akimgombeza mtu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti inayofika kabla yake, na kugomba kulimpasha moto kuliko chai.

Chumba cha mapacha hakikuwa na dirisha la kumuudhi. Kilikuwa na masanduku ya kioo yaliyopangwa ukutani, kila sanduku na jina la mtoto aliyelazwa wodini, na ndani ya kila sanduku kipande cha nyama kilichokuwa hai. Kipande cha Atupele kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Kilitolewa kwa sindano kwenye uvimbe wa ini lake siku za mwanzo kabisa, na tangu hapo kiliishi kama alivyoishi yeye. Kilielea kwenye maji ya damu yake mwenyewe, yaliyobadilishwa kila alipopata dawa. Yeye akiwekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, nacho kilidondoshewa sisplatini kwa kipimo chake. Mtoto wa miaka mitatu huwezi kumkata kila mara ili uone saratani imegeuka vipi. Pacha wake unaweza kumtazama mchana kutwa, wala halii.

"Haya, mtoto," Subilaga alisema akilisogelea lile sanduku. "Leo una habari gani?"

Aliwasha Msomaji. Mashine hiyo ilipitisha mwanga katikati ya pacha na kuisoma seli moja moja, kisha ikaandika hukumu yake kwenye kioo. Hospitalini waliizoea kiasi kwamba waliitaja kama mtu. Msomaji akisema, wapasuaji wanafuata, na mara zote tangu aletwe alikuwa amesema kweli.

Leo aliandika: *Seli changa zimebaki kwa wingi. Uvimbe wa kushoto ungali hai. Ondoa ini lote.*

Subilaga alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasoma tena. Ini la Atupele lilikuwa na uvimbe sehemu mbili. Mkubwa ulikuwa upande wa kulia, na huo haukuwa na mjadala, ungekatwa. Mdogo, kama ndimu, ulikuwa kushoto, ndiko alikotolewa pacha, umeegemea mshipa pekee ambao ungebaki kulisha ini baada ya kulia kuondolewa. Huo usingeweza kukatwa peke yake bila kuuharibu mshipa. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu tangu mwanzo: je, dawa imeuua ule wa kushoto au haijauua? Kama haijauua, mtoto anatolewa ini zima na kuwekewa kipande cha ini la mama yake, na atameza vidonge vya kulizuia lisikataliwe na mwili maisha yake yote.

Na sasa Msomaji alikuwa amejibu.

*

Atupele alikuwa amekaa katikati ya kitanda, kichwa kipara kama yai, akimlisha uji mdoli wake kwa nguvu.

"Bibi Kelele amekuja," alitangaza.

"Shikamoo, daktari," alisema mama yake, Sekela, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Nimelala. Upasuaji wa kesho kutwa umekaribia, sasa usingizi wa nini?"

Sekela alikuwa fundi wa mashine za kuchumia chai. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya moto wa kuchomelea, na alikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kufungua kitu kilichoharibika na kukuta chanzo. Baba wa mtoto alikuwa amepimwa, damu haikulingana. Ya Sekela ililingana. Alipoambiwa kwamba huenda wangehitaji ini lake, aliuliza kitu kimoja tu: watachukua upande gani, ili ajue atalalia upi.

Subilaga alipaka jeli tumboni mwa Atupele, mtoto akacheka kwa baridi yake, na picha ya ini ikatokea kwenye kioo cha ultrasaundi. Alikuwa akipima tu kwa mazoea, maana hukumu ilishatoka. Kulia kulikuwa na lile zigo kubwa, limesinyaa. Akakihamisha kipimo cha ultrasaundi kushoto. Mkono wake ukasimama.

Ndani ya ule uvimbe mdogo kulikuwa na madoa meupe yaliyong'aa, na nyuma ya kila doa kivuli cheusi kilichonyooka. Kompyuta ya ultrasaundi iliyaandika kuwa hewa ya utumbo. Subilaga alimgeuza mtoto ubavu. Hewa ingehama. Madoa hayakuhama.

"Mfupa," alisema kwa sauti, bila kukusudia.

"Mfupa gani tena?" Sekela aliuliza haraka.

"Subiri kidogo, mama."

Aliyajua madoa yale. Saratani hii ya ini la watoto ina vituko ambavyo saratani za watu wazima hazina. Imetengenezwa na seli za ini zilizogoma kukua, seli zinazoishi kana kwamba mtoto bado yuko tumboni mwa mama yake. Dawa ikiingia, nyingi hufa na kubaki jivu. Lakini zipo zinazoshtuka na kuanza kukua. Hunenepa, hujipanga kwenye mistari, huanza kutoa nyongo kama seli za ini lolote. Nyingine, kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza mpaka ukaisha ubishi, hutengeneza mfupa. Mfupa wa kweli, katikati ya ini. Mara nyingi ukiuona, dawa imefanya kazi.

Na pacha, kule chumbani, hakuwa na mfupa hata chembe. Alikuwa laini, amejaa seli changa. Pacha na ndugu yake hawakufanana tena.

Sekela alimwona daktari amekunja uso, akadhani amekasirishwa na jambo la wodini, na kwa upole wa mgeni asiyetaka kuwagombanisha wenyeji akaanza kusifu. "Lakini mnatutunza, daktari. Ndaga, asanteni. Mwanzoni alikuwa akilia mnapomchoma alfajiri kuchukua damu, mpaka nilitaka kumbeba nikimbie naye. Tangu mlipoamua kumchoma mara moja tu, jioni, kwenye ileile sindano inayoingizia dawa ya masikio, halii kabisa."

Subilaga alibaki na kile kipimo mkononi, jeli ikidondoka kwenye viatu.

Ni yeye aliyeamua hivyo. Sisplatini huua masikio ya watoto, kwa hiyo saa kadhaa baada ya dripu hupewa dawa nyingine inayoikamata ile iliyobaki mwilini na kuifunga, ili masikio yapone. Subilaga alikuwa amemsikia Atupele akilia alfajiri siku ya dawa ya kwanza, moyo ukamuuma, akasema: kwa nini tumchome mara mbili? Chukueni damu ya pacha jioni, kwenye sindano hiyohiyo. Wauguzi walimshukuru. Wote waliona ni huruma, na ilikuwa huruma. Ila damu hiyo ilikuwa imejaa dawa ya masikio, na maji ya damu hiyo ndiyo aliyoogeshwa pacha. Sisplatini yake ilipodondoshwa humo, ilikamatwa kabla haijamgusa.

Pacha alikuwa ametibiwa mara ya kwanza tu. Atupele alikuwa ametibiwa mara zote.

*

Dkt. Ambakisye Mwasomola, mkuu wa upasuaji, alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilisifiwa kutoka Mbeya mpaka ng'ambo ya ziwa. Subilaga alipomaliza, alivuta kiti akakaa.

"Dada Subi, unataka kumwambia nini yule mama?"

"Kwamba nilikosea. Kwamba Msomaji alisoma pacha ambaye hakunywa dawa. Kwamba huenda binti yake hahitaji ini la mtu."

"Huenda."

"Ndiyo, huenda. Nipe nafasi. Nitampa pacha dozi zote alizokosa, kwenye maji ya damu ya alfajiri, safi. Akishakomaa nitamwondolea dawa na kumlisha vichocheo vya ukuaji. Nitamchokoza. Nataka kuona kama akishakua anabaki mtu mzima au anarudia utoto."

"Na Atupele afanye nini wakati huo? Kipimo chake cha sisplatini kimekwisha. Figo zake hazitabeba tone jingine. Atakaa bila dawa, na uvimbe ndani."

"Atasubiri."

"Mchome sindano basi, toa kipande kingine leo."

"Unajua vizuri kuliko mimi. Kama uvimbe bado uko hai, sindano inaweza kumwaga mbegu njia nzima. Halafu kipande kitaniambia kimekomaa leo. Hakitaniambia kitakuwaje mwakani. Hilo pacha peke yake ndiye atakayelijibu."

Mwasomola alitikisa kichwa taratibu. "Sikiliza. Ini la Sekela lipo, zima, limepimwa. Litashika. Vidonge, sawa, atameza. Watoto wangapi wanameza na wanakimbia shuleni? Wewe unataka kumnyang'anya mama jambo la hakika umpe madoa meupe."

"Umezoea kukata, ndugu yangu. Kila jibu kwako lina mpini."

Mwasomola hakucheka. "Na uvimbe ukiamka tukiwa tunasubiri? Ukiruka mapafuni, hata ini la mama halitasaidia. Hapo nani amemuua mtoto? Sekela atasema ni yeye, maana ndiye aliyechagua. Utakuwa umechukua kosa lako ukamtwika."

Maneno hayo yalimwingia Subilaga. Alimwona Sekela miaka mingi mbele, amekaa na swali hilo. Alikiri moyoni kwamba Mwasomola hakuwa mwoga wala mvivu. Alikuwa akimhurumia yule mama, kama yeye alivyomhurumia mtoto wakati wa sindano.

Hapo ndipo alipopata jibu. "Huruma ndiyo iliyotufikisha hapa," alisema. "Nilimhurumia mtoto nikavuruga kipimo. Sasa wewe unataka tumhurumie mama tumkate tumbo kwa uongo. Hapana. Lile ini ni lake. Hatuwezi kulichukua na huku tunamficha sababu."

"Akisema tukate kesho kutwa?"

"Tutakata, nami nitashika taa."

*

Alimwambia Sekela mbele ya lile sanduku la kioo. Hakuna mzazi aliyewahi kuingizwa chumba hicho, na muuguzi wa zamu alikohoa kwa kero mpaka Subilaga akamtuma nje. Alieleza kwa maneno mepesi, bila kujipaka asali. Alisema "mimi" kila mahali ilipostahili.

Sekela alisikiliza akimtazama pacha. Alipozungumza, sauti ilikuwa imepwaya.

"Kwa hiyo mashine yenu ilikuwa nzima. Mliilisha maji machafu."

"Ndiyo."

"Nimeshaagana na watu, daktari. Mama yangu nimemwachia funguo. Kazini nimewaonyesha kila kitu, nikawaambia nisiporudi mambo yasisimame. Unajua mtu anavyojiandaa? Nimekaa na mwili wangu nikauambia utakatwa, utulie, ni kwa ajili ya Atu. Umetulia. Sasa unakuja unaniambia huenda!"

Alilipiga sanduku la jirani kwa kiganja. Vioo vyote vikatetema. Subilaga hakusogea. Alistahili, na alijua.

"Nikatae au nikubali, nimebeba mimi," Sekela aliendelea, machozi yakimtoka sasa. "Mwasomola amekwambia usiniambie, eti? Nilimwona usoni alipopita."

"Aliogopa utabeba mzigo usio wako."

"Mtoto ni wangu. Mzigo utakuwa wa nani?"

Alijifuta kwa kitenge, akainama kukitazama kile kipande kwa karibu, kama anavyotazama injini. Aliuliza maswali ya kifundi. Pacha akinyweshwa dozi zote kwa mfululizo, ni sawa na mtoto aliyenyweshwa kwa kupumzika? Si sawa kabisa, Subilaga alijibu, lakini inakaribia. Uvimbe ukianza kuamka, ultrasaundi itauona mapema? Nitautafuta kila siku kwa mkono wangu. Na ukionekana? Tunaingia siku hiyohiyo na ini lako.

"Basi mimi siondoki hapa," Sekela alisema. "Nitakaa tayari. Mkiniita saa yoyote mnikate, nikatwe. Mnyweshe huyo dawa yake."

*

Damu ilianza tena kuchukuliwa alfajiri. Atupele alilia, akamwita Subilaga mchawi, na Subilaga akakubali cheo hicho bila ubishi. Maji ya damu yaliyopatikana yalikuwa safi. Akamwosha pacha, akadondosha sisplatini, akaketi kutazama.

Kwanza hapakutokea kitu. Halafu zile seli ndogo nyeusi, zilizobanana bila mpangilio, zikaanza kupasuka sehemu moja na kuacha uwazi wa kijivu. Dozi iliyofuata ilieneza ule ukijivu. Pembeni mwake seli zilizosalia zikaanza kuvimba, zikapata rangi ya waridi, zikaachiana nafasi. Msomaji, aliyekuwa akihesabu tu seli changa, alizidi kupunguza idadi. Subilaga yeye alitazama mpangilio. Aliona mistari miwili ya seli imeelekeana na mfereji mwembamba katikati. Siku iliyofuata mfereji ulikuwa na umanjano. Nyongo! Alimwita muuguzi wa zamu aje aone, na yule aliyekohoa kwa kero akasahau kukohoa.

Mfupa ulikuja mwisho, doa moja jeupe, kisha matatu. Pacha alikuwa amemfikia ndugu yake.

Sasa ikabaki kumchokoza. Alimwondolea dawa yote, akammwagia vichocheo ambavyo vingeamsha saratani yoyote iliyojifanya imelala. Huo ndio uliokuwa wakati mgumu, kwa sababu jibu zuri lilikuwa kutotokea kitu, na kutotokea kitu hakuna siku unayoweza kusema kumekwisha. Kila asubuhi alipita kwa pacha, halafu akaenda kumpaka Atupele jeli. Alama ya saratani kwenye damu ya mtoto, iliyokuwa imeshuka sana, ilipanda kidogo. Mwasomola alikuja na jibu hilo mkononi, akamwekea mbele yake.

"Ini linalojijenga nalo hutoa alama hiyo," Subilaga alimwambia.

"Na uvimbe unaoamka pia."

"Najua."

Aliogopa. Hakulificha hilo kwa Sekela, alimwambia palepale: alama imepanda, inaweza kuwa heri au shari, ultrasaundi haijaona kitu kipya. Sekela alivuta pumzi, akauliza pacha anasemaje. Pacha alikuwa amelala vilevile, akitoa nyongo yake kidogokidogo na vichocheo vyote vile shingoni. Sekela akasema basi tuendelee. Jibu la damu lililofuata lilishuka.

Subilaga alimwachia Msomaji amsome pacha mara ya mwisho. Msomaji akaandika: *Seli changa hazionekani. Ondoa kulia. Kushoto kubaki, ikithibitishwa mezani.*

*

Siku ya upasuaji walilala vyumba viwili vilivyopakana, mtoto kwa usingizi wa nusu kaputi, mama macho wazi. Sekela alikuwa amefunga kula tangu usiku, ameoshwa tumbo kwa dawa, ana kanula ya dripu mkononi na kofia ya karatasi kichwani. Kama kushoto kungekuwa na hila, angesukumwa ndani moja kwa moja.

Mwasomola alifungua kwa mikono yake ile inayosifiwa, akazitenga njia za damu, akafika kushoto. Uvimbe ulikuwa mdogo kuliko picha, mgumu, rangi moja na ini. Alimega kipande chembamba na kukipitisha dirishani, ambako Subilaga alikuwa na Msomaji upande mmoja na hadubini ya zamani upande wa pili.

Msomaji alipitisha mwanga. Akaupitisha tena. Kisha akaandika: *Haijulikani. Ini au uvimbe uliokomaa.*

Subilaga hakushangaa. Seli zilikuwa zimefanana mno na za ini lenyewe hata mashine iliyotengenezwa kuzitofautisha ikakosa pa kushika. Utaratibu wa hospitali uliijua hali hiyo na ulikuwa na amri yake: kisichojulikana kinaondolewa. Kuutengua kulihitaji daktari mmoja aseme kwa jina lake.

Alisogea kwenye hadubini, akainamisha jicho. Mfupa ulikuwepo, umekatika vipande kwa ukali wa kisu. Kuuzunguka, seli kubwa za waridi, mistari imenyooka, na katikati ya mistari nyongo. Alitafuta zile nyeusi zilizobanana. Alitafuta pembeni mwa mfupa, zinakopenda kujificha. Alizunguka kipande chote na kurudi alipoanzia. Hazikuwepo.

"Dada," Mwasomola aliita kutoka mezani. Hakukuwa na shari katika sauti yake, ila haraka. "Anasemaje?"

"Anasema hajui."

"Basi tunajua la kufanya. Huwezi kumwachia mtoto kitu ambacho jana kilitaka kumuua."

"Jana ndiyo. Leo kinatoa nyongo."

"Na kesho?"

"Pacha nimemchokoza kwa kila kilichomo kwenye kabati langu, hakugeuka. Nimekitazama hiki kwa jicho langu. Mimi Subilaga nasema kibaki." Akainuka kwenye hadubini. "Lakini sisemi peke yangu. Nipe dakika."

Alisukuma mlango wa pembeni. Sekela alinyanyua kichwa, na mkono wake wenye kanula ukaenda wenyewe tumboni, pale alipochorewa alama ya kisu.

"Mniingize?" aliuliza.

"Sikiliza kwanza. Mashine imeshindwa kutofautisha. Inasema huenda ni ini, huenda ni uvimbe uliokomaa. Mimi nimeangalia, nasema ni uvimbe uliokomaa. Ilikuwa saratani, mwanangu, sitakudanganya. Dawa imeigeuza. Utaratibu unataka tuiondoe na kuchukua lako. Mimi nasema tuiache, tumchunguze kila mwezi mpaka akue. Nina imani kubwa. Hakika yote sina, na hakuna atakayekupa."

Sekela alitazama dari. Kupitia mlango ulioachwa wazi ilisikika mashine ya pumzi ya mtoto, ikipanda na kushuka bila wasiwasi.

"Hicho kitu," alisema, "sasa hivi kinafanya kazi ya ini?"

"Kinafanya. Nyongo nimeiona."

"Kazi ya nani kinaifanya?"

"Ya Atupele."

"Basi ni lake," Sekela alisema. "Mwachieni ini lake."

Subilaga aligeuka, na sauti yake ile inayofika kabla yake ikatangulia mezani. "Kata kulia, Mwasomola. Kushoto usiguse."

Nyuma yake Sekela alikuwa ameshakaa kitako, amevua kofia ya karatasi, anamnyooshea muuguzi mkono amtoe kanula. Alikuwa akilia, wala hakujifuta.

"Na mniletee chakula," alisema. "Nina njaa mno."